Nani Anashusha Sauti?

Jumamosi saa nane mchana ndiyo saa yetu ya muziki. Kituo chetu kiko Nsambya: chumba kimoja kirefu, bati juu, simenti chini, na pembeni kaofisi kadogo tulikokatenga kwa pazia. Vijana wanatoka Katwe, Kibuye na Makindye, wengine wanakuja kwa mguu kutoka Kabalagala kwa sababu pesa ya boda haipo. Wengi ni Wakongo kama mimi. Wako Warundi, na wako vijana watatu Wasomali ambao kila wiki wanasema hawachezi na kila wiki wanakuja. Nyinyi ndugu mlio Nakivale na Kyangwali mnajua kwamba sisi wa mjini hatupati mgao wa chakula. Kila mtu anajitafutia. Kwa hiyo kijana akikuletea masaa mawili ya Jumamosi yake, masaa ambayo angeuza kitenge au angebeba mzigo, ujue amekupa kitu cha bei.

Laptopu inakaa ofisini, mbali na mikono ya watoto. Waya mrefu unapita chini ya pazia mpaka kwenye amplifaya na spika mbili zilizo ukumbini. Nyimbo tunazivuta moja kwa moja kwenye intaneti. Tulikuwa na flashi zamani, ikapotea na nyimbo zake zote, basi tukazoea hivyo: mtu anataja wimbo, binti anayeshughulikia nyimbo anaingia nyuma ya pazia, anautafuta, tunacheza. Bando ndiyo kitu ghali kuliko vyote pale, hasa tangu Julai 2021 serikali ilipoweka kodi ya asilimia 12 juu ya data. Kabla ya hapo tulikuwa tunalipa zile shilingi 200 za kila siku za mitandao ya kijamii. Sijui ipi ilikuwa nafuu, sijawahi kukaa nikapiga hesabu, naogopa jibu.

Tatizo lilianza mwezi wa tatu mwaka 2025. Wimbo unaenda vizuri, ghafla unashuka, kama mtu ameubeba muziki akaupeleka nyumba ya tatu. Hauzimiki. Unausikia kwa mbali, mtu anaimba kama yuko ndani ya mtungi. Baada ya nusu dakika unarudi. Siku nyingine baada ya dakika tano, sita. Kuna Jumamosi ulishuka mara moja, kuna Jumamosi mara nne, kuna Jumamosi haukushuka kabisa nikasema asante Mungu, imepona yenyewe.

Mtu anaweza kusema ni jambo dogo, sauti ya muziki. Hata mimi nilisema hivyo mpaka Jumamosi moja sauti iliposhuka katikati ya wimbo, vijana wakaanza kupiga kelele, nami nikaenda kwenye amplifaya nikazungusha kitufe mpaka karibu na mwisho ili angalau tusikie. Tukasikia. Dakika tatu hivi tukacheza na hiyo sauti ya kulazimisha. Halafu muziki ukarudi wenyewe, na kitufe kiko juu kabisa.

Spika zililipuka. Sina neno lingine. Mtoto mmoja wa miaka kama sita, aliyekuja na dada yake, aliingia chini ya benchi akaziba masikio. Mama mmoja anayeuza karanga pale mlangoni alilala chini kifudifudi, sinia likamwagika. Alipoinuka alijipangusa gauni, akacheka, akasema ameteleza. Na sisi tukacheka pamoja naye, tukamwokotea karanga zake. Lakini sakafu ilikuwa kavu, na kila mtu mule ndani alijua vizuri mtu anajifunzia wapi kulala chini haraka hivyo.

Usiku ule sikulala. Nikaamua kwamba nitajua ni nani au ni nini kinashusha sauti.

Kwanza nililaumu mtandao. Kila mtu Kampala analaumu mtandao kwanza. Lakini ukifikiri vizuri, mtandao hauna kosa la namna hiyo. Mtandao ukiwa dhaifu wimbo unakatika, unasimama, kile kiduara kinazunguka, au sauti inakuwa mbaya kama redio ya kijijini. Haushuki taratibu ukabaki chini huku unaendelea kuimba. Nilijaribu: nikapakua wimbo mmoja ukakaa ndani ya laptopu, nikazima waifai, nikaupiga mara kumi mfululizo. Haukushuka hata mara moja. Hapo nilichanganyikiwa, maana sasa ilionekana kweli ni mtandao. Ndugu msomaji, ukumbuke jaribio hilo, maana jibu lilikuwa mle ndani nami sikuliona.

Pili nililaumu jirani. Karibu na sisi kuna fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha. Akichomelea, taa yetu inapunguza mwanga na amplifaya inalegea kidogo, hiyo ni kweli, mtu yeyote anayeishi karibu na fundi wa namna hiyo anajua. Nikaenda kwake nimekasirika. Nikamwambia, ssebo, unatuulia muziki. Akaniangalia, akanyanyua ile miwani yake nyeusi, akasema kwa Kiswahili chake cha barabarani, "Mimi leo sijawasha machine. Chuma haijafika." Kweli, hakuna hata cheche. Siku hiyo muziki ulikuwa umeshuka mara mbili. Niliomba msamaha, akaniambia mpola mpola, hakuna shida.

Sasa nakuja kwenye ninachoona aibu kukiandika.

Amplifaya iko ukumbini, pembeni, na hapo karibu yake alikuwa anakaa kijana mmoja wa miaka kumi na sita. Jina silitaji. Ni mkimya, anapenda waya, anapenda kuangalia taa za amplifaya zinavyopanda na kushuka. Ametoka upande wa Beni na hana mzazi hapa. Siku ile spika zilipolipuka, kila mtu aligeuka akamwangalia. Nami nikageuka. Mimi ndiye niliyezungusha kile kitufe, najua, lakini nilijiambia kwamba lazima yeye ndiye anashusha na kupandisha kwa mchezo, na mimi nimeingia katikati ya mchezo wake. Nikamuuliza mbele ya watu. Akasema hapana, yaya, sijagusa. Nikamuuliza tena. Akanyamaza. Mimi nikachukua ule ukimya kuwa jibu.

Nikamwambia asije kwa Jumamosi mbili.

Binti wa nyimbo alikuwa amesimama pale kwenye pazia. Alisikia yote. Aliangalia chini.

Huyu binti lazima nimweleze, maana bila yeye hadithi hii haieleweki. Ana miaka kumi na tisa, ametoka Goma. Kila sauti ilipokuwa inashuka, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kukimbia. "Muache niangalie," anasema, anaingia nyuma ya pazia, tunasubiri, halafu baada ya muda muziki unarudi na yeye anatoka anapangusa uso. Nilimsifu mbele ya wenzake. Nilisema, mnaona, msichana anajua kompyuta kuliko nyinyi wavulana. Hata kwenye ripoti ya mwezi niliandika kwamba kijana mmoja wa kike ameonyesha ujuzi wa kutengeneza vifaa. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, naomba mnisamehe kwa mstari huo. Mnapenda mistari kama hiyo, na mimi napenda kuwapa.

Jumamosi iliyofuata yule kijana hakuwepo. Muziki ulishuka mara tatu.

Bado sikukubali. Nilisema labda amefundisha mwingine. Unaona mtu akishalaumu anavyopata shida kuacha.

Aliyenisaidia kuanza kufikiri ni mzee mmoja wa Kikongo anayekuja kukaa mlangoni, anapenda rumba ya zamani, ya Franco na wenzake. Mwaka 2021 rumba ilipoingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO, yeye alisherehekea kama amepata mtoto. Yeye alikuwa na malalamiko mengine kabisa. Alisema, "Mwanangu, kompyuta yenu inaua sebene." Nikamuuliza inaua namna gani. Akaniambia nisikilize. Mwanzo wa wimbo, pale mwimbaji anaimba polepole na gitaa moja, sauti iko juu, kubwa, unasikia hata anavyovuta pumzi. Halafu bendi yote inaingia, magitaa, ngoma, atalaku anaita, na badala ya wimbo kupanda, unajikunja. Sebene inatoka ndogo kuliko mwanzo. "Sebene lazima ikufungue mlango," akasema. "Hii inakufungia."

Mzee alikuwa sahihi, na huo ulikuwa ugonjwa wa pili, tofauti na ule wa kwanza. Nilikuwa nachanganya magonjwa mawili katika mwili mmoja.

Nilibeba laptopu mpaka mjini, kwenye zile arcade zilizo karibu na paki ya zamani ya taxi, ambako kuna vijana wenye meza ndogo na taa na bisibisi. Kuna mmoja alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo ni nadra kwa fundi. Alibonyeza alama ya Windows pamoja na herufi R, kikatokea kisanduku kidogo, akaandika mmsys.cpl, akabonyeza enter. Likafunguka dirisha la zamani la sauti, ambalo mimi sikuwahi kuliona katika miaka minne ya kutumia kompyuta ile. Nawaandikia hivi kwa sababu njia hiyo inafanya kazi kwenye Windows 10 na 11 zote, huna haja ya kutafuta menyu.

Lile dirisha lina kurasa nne juu. Ya kwanza ni ya vifaa vya kutoa sauti. Akabonyeza spika mara mbili, akaenda kwenye ukurasa wa maboresho ya sauti. Hapo kulikuwa na alama ya tiki kwenye kitu cha kusawazisha ukubwa wa sauti. Akanieleza: mashine ikiwekewa hiyo, inasikiliza wimbo na kujaribu kufanya kila sehemu iwe na ukubwa mmoja. Sehemu ya kimya inaipandisha, sehemu ya kishindo inaikandamiza. Kwa filamu usiku, watoto wamelala, ni nzuri. Kwa rumba ni sumu. Akaondoa tiki. Si kila kompyuta ina ukurasa huo, inategemea kadi ya sauti, lakini ukiuona, zima yote kwanza halafu usikilize.

Akaniambia jambo lingine ambalo wengi wanachanganya. Zile tovuti za muziki zenyewe zina usawazishaji wao. YouTube inashusha video ambayo ni ya kelele kupita kiwango chake, lakini ile iliyo chini haiipandishi. Kwa hiyo wimbo wa zamani ambao mtu aliurekodi kutoka kwenye kaseti utabaki mdogo, na ukifuata wimbo mpya wa Kampala unaruka juu, halafu tangazo linaruka zaidi. Spotify yenyewe ina swichi kwenye mipangilio, ya kufanya nyimbo zote zilingane, unaweza kuiwasha au kuizima. Hiyo tofauti ni kati ya wimbo na wimbo. Haitokei katikati ya wimbo mmoja.

"Na hii ya katikati?" nikauliza. "Hii ya kushuka ghafla?"

Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Hii kompyuta inapokea simu?"

Nikacheka. Nikasema haipokei, ni kompyuta ya kituo, na ukutani kuna karatasi nimeibandika kwa mkono wangu: KOMPYUTA SI KWA MAMBO BINAFSI.

Yeye hakucheka. Alienda ukurasa wa nne, wa mwisho kabisa, unaohusu mawasiliano. Pale kuna machaguo manne. Windows ikigundua kwamba kuna simu inaingia au unaongea na mtu kupitia kompyuta, ifanye nini na sauti nyingine zote? Chaguo la kwanza, izinyamazishe kabisa. La pili, izishushe kwa asilimia 80. La tatu, kwa asilimia 50. La nne, isifanye lolote. Kompyuta inatoka kiwandani ikiwa kwenye lile la pili. Hakuna mtu anayeliweka. Linakuwepo tu. Simu ikiingia muziki unashuka, simu ikiisha muziki unarudi kama ulivyokuwa, hata kama wewe huku nje umeshapandisha amplifaya mpaka mwisho.

Aliweka kwenye la nne. Nikamlipa, nikarudi Nsambya na teksi, nimefurahi kama nimetibiwa.

Njiani sikujiuliza simu ilikuwa ya nani. Kweli sikujiuliza. Niliwaza ni moja ya programu zinazojiwasha zenyewe. Lile jaribio langu la kuzima waifai sasa nilielewa: bila intaneti hakuna simu ya kuingia, basi hakuna cha kushusha muziki.

Jumamosi hiyo muziki ulitembea masaa mawili bila kushuka. Sebene zilifungua mlango. Mzee alisimama, akacheza hatua tatu, akakaa. Nikatuma ujumbe kwa yule kijana kwamba anaweza kurudi. Sikuandika kwamba nilimkosea. Niliandika tu anaweza kurudi. Hakujibu.

Binti wa nyimbo alikuwa hatulii. Aliingia nyuma ya pazia mara nyingi bila sababu. Mwishoni akaniuliza, "Yaya, muziki haishuke tena?"

Nikasema nimetengeneza, haitashuka tena, furahi.

Akasema, "Ulifanya nini?"

Nikamweleza, nikijivuna, kila ukurasa na kila tiki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaingia ofisini. Nilipomfuata nilimkuta ameinama juu ya laptopu, na kwenye kioo kulikuwa na WhatsApp, jina moja limeandikwa Mama, na chini yake simu nne ambazo hazikupokelewa. Zote za mchana ule ule, kati ya saa nane na saa tisa, wakati sisi tunacheza.

Nitaeleza kwa ufupi alivyonieleza, ingawa kwake haikuwa fupi. Simu yake ya mkononi iliingia maji mwezi wa pili. Inawaka, ujumbe unaingia, lakini haisikii na haisikiki. Kutengeneza ni pesa ambayo hana. Akaunganisha WhatsApp yake na kompyuta ya kituo, ambako kuna hedifoni yenye maikrofoni tuliyopewa kwa masomo ya Kiingereza. Kila baada ya siku chache alikuwa anaiwasha ile simu mbovu, kwa sababu ikikaa siku 14 bila kufunguliwa kompyuta inaondolewa. Hedifoni ndiyo ilikuwa imewekwa kuwa kifaa cha simu, kwa hiyo mlio wa kuita ulikuwa unalia ndani ya hedifoni, iliyoning'inia kwenye msumari. Hakuna mtu ukumbini angeweza kuusikia. Yeye mwenyewe alikuwa hausikii.

"Nilikuwa najua mama anapiga kwa sababu muziki inashuka," akasema.

Mama yake alikuwa bado Goma na mdogo wake wa miaka tisa. Nyote mnajua Goma ilivyokuwa baada ya mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingiwa: benki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, mtu anapata bando leo, kesho hana. Jumamosi mchana ndiyo saa waliyokubaliana, kwa sababu ndiyo saa pekee kituo kinakuwa wazi na mimi siko kwenye kiti cha ofisi. Mama akipata mtandao anapiga, asipopata anapiga siku nyingine, simu inaita nusu dakika kwenye msumari, muziki unashuka na kurudi, nami ninakwenda kugombana na fundi wa mageti.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaangalia ukutani, kwenye karatasi yangu. Hakusema kitu, akaangalia tu.

Halafu nikamuuliza kuhusu yule kijana. Maana yeye alikuwa amesimama pale nilipomfukuza.

"Nilinyamaza, yaya," akasema. "Nilifikiri, yeye ni Jumamosi mbili. Mimi ni mama."

Sina jibu kwa hilo hata leo. Nilitaka kukasirika na sikupata mahali pa kusimamia.

Tulimpigia mama palepale. Haikupatikana. Usiku haikupatikana. Jumapili tulijaribu, Jumatatu tulijaribu, tiki moja tu ya kijivu. Nilimpa binti funguo za ofisi, akawa anakuja asubuhi kabla ya kwenda kuuza na jioni akirudi. Nilirudisha lile chaguo la pili, asilimia 80, kama lilivyokuwa, ingawa hakukuwa na muziki wa kushusha katikati ya wiki. Akaniomba tuweke muziki. Nikamuuliza muziki wa nini Jumanne. Akasema ameshazoea kusikiliza hivyo. Basi tukawa tunaacha wimbo unapiga polepole mchana kutwa, naye anafagia, anapanga viti, anasikiliza kama utashuka. Bando lilikwisha mara mbili wiki hiyo, nikaliongeza kutoka mfukoni.

Katika hizo siku nilienda Katwe kumtafuta yule kijana. Nilimkuta kwenye duka la vyuma chakavu anavua shaba kutoka kwenye waya. Nilimwambia kwamba nilimkosea, kwamba mimi ndiye nilizungusha kitufe, kwamba kompyuta ndiyo ilikuwa inashusha. Nilimweleza jinsi inavyofanya. Aliendelea kuvua waya. Kisha akauliza, "Asilimia 80 ya nini? Ya ile sauti ya kompyuta au ya amplifaya?" Nikasema ya kompyuta, amplifaya haijui kitu. Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana taa zilikuwa zinashuka na kitufe kiko palepale," akasema. "Nilikuwa naziona." Yaani alikuwa na ushahidi siku zote, machoni pake, na mimi sikumuuliza aliona nini. Nilimuuliza tu kama ni yeye.

Siku ya kumi na moja muziki ulishuka. Ilikuwa Jumatano, karibu saa kumi jioni. Mimi nilikuwa ukumbini napaka rangi dirisha. Nilisikia ukishuka, nikasimama na brashi mkononi, rangi inadondoka kwenye kiatu. Binti alikuwa nje anaongea na mama wa karanga. Nilimwita kwa sauti ambayo iliwatoa watu kwenye maduka.

Mama alikuwa Kisoro, kwenye kituo cha mapito cha Nyakabande, anatumia simu ya mtu. Walikuwa wamevuka Bunagana yeye na mtoto. Zile simu nne za Jumamosi alikuwa anataka kuuliza: wavuke sasa, au wasubiri, na wakivuka waseme nini kuhusu binti aliye Kampala, wapelekwe wapi. Hakupata wa kumjibu, akaamua peke yake. Simu yake aliiuza njiani kulipia gari. Nilisikia binti anamuomba msamaha kwa sababu hakupokea, na mama, kwa jinsi nilivyoelewa kutoka upande mmoja wa maongezi, alikuwa anauliza kuhusu chakula, kama anakula.

Sasa mama yuko Nakivale. Labda ni jirani yako wewe unayesoma. Anapiga Jumamosi, na anapiga kwa mambo ambayo si ya haraka hata kidogo, mahindi, choo, jirani mwenye mbuzi. Ile karatasi ukutani nimeitoa, imebaki gundi tu. Kwenye kitufe cha amplifaya yule kijana ameweka kipande cha solotepu chekundu, na hakuna anayeruhusiwa kupita hapo, hata mimi, hata sauti ishuke namna gani. Yeye ndiye mlinzi.

Tulikaa kikao kuhusu zile asilimia. Mimi nilipendekeza 50, ili simu ikiingia wengine waendelee kucheza kidogo. Mmoja wa Wasomali alisema ni wazo zuri. Kijana wa amplifaya alikataa. Alisema kwa 50 mtu akiwa nje, au akiwa anaongea, hatajua. Kwa 80 kila mtu anajua. Tukapiga kura, ikabaki 80.